Shajara ya mradi: folda za pamoja chini ya jina moja, Tabora na Urambo

Jumatatu. Kuhesabu kilichopo

Mradi umepata kibali. Meneja ametaka kila hatua iandikwe ili atakayekuja baada yangu asianze kupapasa gizani, kwa hiyo naandika kazi ikiendelea.

Hali ya leo ni hii. Ushirika wetu unanunua na kuchakata asali na nta. Makao yako Tabora mjini, upande wa Kitete. Tawi kubwa liko Urambo, kilomita kama tisini magharibi kwa barabara, na kituo kidogo cha kupokelea asali kiko Sikonge, njia ya kwenda Mpanda. Tabora tuna seva mbili za Windows Server 2019. Urambo ipo moja ya Windows Server 2012, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2023. Itabadilishwa, ila hela yake iko kwenye robo ijayo. Sikonge hakuna seva, kuna kompyuta mbili na rauta.

Nimezunguka meza kwa meza kuangalia watu wanafikaje kwenye mafaili yao. Mhasibu ana draivu Z. Afisa ugani naye ana draivu Z, lakini ya kwake imejaa picha za mizinga. Mhasibu akimwambia kwa simu "liko kwenye Z, folda ya Malipo", ndugu yule anatafuta mpaka anakata simu. Wengine hawana draivu yoyote, wana njia ya mkato inayokwenda moja kwa moja kwenye jina la seva: \\tbr-srv1\data\Mpya\Mpya 2. Ndani ya Mpya 2 nimekuta "Malipo FINAL", "Malipo FINAL kabisa" na "Malipo FINAL kabisa USIFUTE". Linalotumika kila siku ni lile la kwanza. Lile la USIFUTE halijaguswa tangu aliyeliandika ahamie Nzega.

Kinachonitisha zaidi hakionekani kwa kupita tu. Vitabu vya Excel vinategemeana. Kitabu cha malipo kinavuta uzito wa asali kutoka kitabu cha mapokezi, na ndani ya fomula jina la seva limeandikwa lote, kuanzia zile mistari miwili ya kulalia. Siku seva ikibadilishwa, seli zile zitabaki na namba za mara ya mwisho, na hakuna atakayegundua mpaka mfugaji asimame dirishani akidai kilo zake.

Jumanne. Tulichokichagua

Tunatumia Mfumo wa Faili Uliosambazwa, DFS, ambao umo ndani ya Windows Server tuliyokwisha kuilipia. Samba, programu huria ya kushea mafaili, nayo inaweza kuonyesha njia za DFS, lakini haina urudufishaji wa namna hii, na leseni tunazo. Kuhusu kuhamishia kila kitu kwenye mawingu ya intaneti, nimewaomba wanaolipendekeza wakae Urambo wiki moja ya mvua.

Ndani ya DFS mna vitu viwili vinavyojitegemea, na nusu ya mkutano wa leo imekwenda kwenye kuvitenganisha.

Cha kwanza ni nafasi ya majina. Mtumiaji anafungua \\nyuki.lan\kazi\20-hesabu. Hilo si jina la kompyuta yoyote, ni jina la domeni, yaani la mtandao wetu wote wenye usimamizi mmoja, likifuatwa na mti wa folda tulioubuni sisi. Kompyuta yake inaiuliza seva ya majina, inajibiwa orodha ya seva zenye folda hiyo, kisha inakwenda yenyewe kwenye seva iliyo juu ya orodha. Mafaili hayapiti kwa aliyetoa majibu. Jibu lile kompyuta inalitunza kwa muda: kwa kawaida sekunde 300 kwa mzizi, yaani kilele cha mti, na sekunde 1800 kwa folda zilizo chini yake. Namba hiyo ya pili ikumbukwe, itakuja kutusumbua.

Cha pili ni urudufishaji, DFSR, ulioingia na Windows Server 2003 R2 ukachukua nafasi ya huduma ya zamani iliyoitwa FRS. Huu unahakikisha folda iliyoko Tabora iwe na pacha wake Urambo. Faili kubwa likibadilika sehemu ndogo, unatuma ile sehemu tu.

Unaweza kuwa na majina bila urudufishaji, na urudufishaji bila majina. Meneja anataka vyote kwa kila kitu: "Kila faili liwe kila mahali, ndiyo maana ya mtandao." Msimamo wangu ni tofauti na nimeuandika kwenye muhtasari. Majina tunampa kila mtu, mpaka Sikonge. Urudufishaji tunaufanyia uchoyo. Hatukukubaliana leo.

Alhamisi. Masijala

Mti wa folda sikutaka kuuchora peke yangu. Mzee aliyestaafu masijala huja bado kusaidia kupanga majalada ya karatasi, nikamfuata huko nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kutuhamisha?"

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akavuta rejesta lake, kubwa, kona zimekwisha kwa kushikwa. Kila mstari ni jalada: namba, somo, tarehe lilipofunguliwa, ofisi inayolimiliki. Hakuna jina la mtu hata mmoja. Nikamuuliza mbona kwenye kompyuta zetu nusu ya folda zina majina ya watu. Akacheka. "Karani anahama. Jalada linabaki. Sasa ukiliita kwa jina la karani, akihama utalitafuta kwa nani?"

Halafu akanionyesha rafu. Pale jalada lilipotolewa pamebaki kadi imesimama wima, imeandikwa nani kalichukua na lini. Anayefuata akiona kadi anajua jalada liko mkononi mwa mwenzake, anamfuata huko au anasubiri. Kadi ile ndiyo nitakayoitumia kumweleza Meneja urudufishaji una upungufu gani.

Tumetoka na mti huu: 10-utawala, 20-hesabu, 30-mapokezi, 40-ugani, 50-wanachama, 60-fomu. Namba zinaruka kwa kumi ili pakihitajika folda nyingine ipate pa kukaa. Mapokezi yamegawanywa kwa kituo: tabora, urambo, sikonge. Majina ni mafupi makusudi. Programu nyingi za Windows bado zinagoma njia ikifika herufi 260, na kwenye Mpya 2 niliona njia zilizopita 240 kabla hata ya kufika kwenye jina la faili. Skana ilikuwa inashindwa kuhifadhi humo, na watu walikuwa wanailaumu skana.

Ijumaa. Ruhusa

Folda 50-wanachama ina nakala za vitambulisho vya NIDA, namba za simu na akaunti za benki za wafugaji. Mpaka leo yeyote mwenye kompyuta hapa ofisini alikuwa anaweza kuifungua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, hali hiyo si uzembe wa ndani tena, ni kosa la kujibu.

Tumeunda makundi kwa kazi, wanaoandika na wanaosoma, na mtu anaingizwa kwenye kundi. Hakuna ruhusa ya jina la mtu mmoja mmoja kwenye folda. Ruhusa kali tumeziweka kwenye faili zenyewe, upande wa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, kwa sababu hizo DFSR inazibeba pamoja na faili. Ruhusa za kushea, zile za kuifikia folda kupitia mtandao, hazibebwi, kila seva ina zake, kwa hiyo ukizitegemea utakuta mlango umefungwa Tabora na uko wazi Urambo.

Tumewasha pia kipengele kinachomficha mtu folda asizoruhusiwa. Kina sehemu mbili, kwenye nafasi ya majina na kwenye shea yenyewe, na kuwasha moja hakuwashi nyingine.

Jumatatu iliyofuata. Majina yamesimama

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Mzizi:

New-DfsnRoot -Path \\nyuki.lan\kazi -TargetPath \\tbr-srv1\kazi -Type DomainV2

Kisha tbr-srv2 na urb-srv1 zikaongezwa kama seva za majina za mzizi uleule. Ya Urambo ina sababu yake. Laini ya Tabora–Urambo ikikatika, kompyuta za kule zinahitaji mtu wa kuwajibu palepale. Kwa hiyo ile seva ya kule imekuwa pia kidhibiti cha domeni, kinachothibitisha watumiaji, na DNS, inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao. Bila hivyo mafaili yangekuwa hatua tano kutoka kwenye meza na hakuna anayejua njia ya kuyafikia.

Folda zote zimeelekezwa kwenye mahali zilipo leo. Hakuna faili lililohama. Mhasibu amefungua \\nyuki.lan\kazi, akaona folda nne kati ya sita, akauliza nyingine ziko wapi. Nikamwambia ziko, si za kwake. Akanyamaza, halafu akauliza nani mwingine haoni 20-hesabu. Nikamsomea orodha. Tangu hapo amekuwa upande wa mradi.

Jumatano. Urambo wanakuja Tabora

Karani wa Urambo kapiga simu: folda ya fomu, ambayo nimeiweka na kule kwa majaribio, inafunguka taratibu kuliko zamani. Nikamwambia abonyeze kitufe cha kulia juu ya folda, aingie kwenye sifa zake, kwenye kichupo cha DFS. Pale huonekana orodha ya seva na ipi inatumika. Akanisomea: tbr-srv1 ndiyo yenye alama. Kompyuta iliyo chumba kimoja na seva ilikuwa inavuka kilomita tisini kufuata fomu.

Orodha ile hupangwa kwa kuangalia kompyuta iko saiti gani, yaani eneo gani, ndani ya Active Directory, orodha kuu ya watumiaji na kompyuta za domeni, na saiti hujulikana kwa anwani za mtandao. Tawi lilipofunguliwa, miaka kabla ya mradi, anwani zake za 192.168.20.0 hazikusajiliwa popote. Kwa hiyo domeni ilikuwa haijui kama Urambo ni mahali. Nimeunda saiti, nikaifunga na anwani zile, nikaihamishia seva yake, kisha nikamwambia karani aandike dfsutil cache referral flush ili kompyuta isahau jibu la zamani. Akafungua upya, alama ikahamia urb-srv1. Fomu zikafunguka papo hapo.

Ukikuta DFS inampeleka mtu mbali, anza hapo kabla ya kulaumu laini.

Ijumaa. Jaribio la kilo

Leo tumeketi na Meneja. Nimeandaa folda ya majaribio iliyorudufishwa Tabora na Urambo, pande zote mbili zikiruhusiwa kuandika, yaani vile anavyotaka yeye. Ndani yake kitabu kimoja cha Excel, mapokezi ya kubuni.

Kwanza nikawaonyesha hali ya seva moja. Mhasibu akafungua, mimi nikafungua palepale, Excel ikaniambia faili linatumiwa na mwenzangu, nisome tu. Hiyo ndiyo kadi ya mzee wa masijala, nikawaambia. Seva inaishika.

Kisha seva mbili. Mhasibu kafungua kitabu Tabora. Karani kafungua kilekile Urambo, simu ikiwa mezani imewekwa spika. Hakuna onyo lililotokea kwa yeyote, kwa sababu kila seva inashika kadi zake na hazipeani habari. Karani akaandika kilo 388 kwenye mstari wa kumi na tano, akahifadhi, akafunga. Mhasibu akaandika 412 kwenye mstari wa kumi na nne, akahifadhi, akafunga. Tukasubiri kidogo.

"Fungua tena," nikamwambia karani.

Kimya. Halafu: "Kaka, ya kwangu imeliwa."

Mstari wa kumi na nne ulikuwa na 412. Wa kumi na tano ulikuwa mtupu, Urambo na Tabora. Hakuna ujumbe, hakuna rangi nyekundu. DFSR ikikuta matoleo mawili yanayopingana huchukua lililoandikwa mwisho, na lililoshindwa hulihamishia kwenye folda iliyofichwa ya seva iliyoshindwa, DfsrPrivate\ConflictAndDeleted, likiwa limebadilishwa jina. Kwenye kumbukumbu za seva linaandikwa tukio namba 4412. Nikaingia Urambo kwa mbali, nikawaonyesha zile 388 zimelala humo. Zitakaa mpaka folda ile ifikie ukomo wake, kisha za zamani zinafutwa kupisha mpya.

Meneja akauliza kama kuna mahali pa kubonyeza ili seva zipeane kadi. Hakuna. DFSR haina kufuli linalovuka seva, toleo lolote. Mhasibu akasema ingekuwa msimu, hizo 388 ni hela ya mtu. Meneja akafunga daftari lake: "Basi panga unavyojua."

Nimepanga hivi. Kila folda ina mahali pamoja pa kuandikia. Mapokezi ya Urambo yanaandikwa Urambo, na nakala yake ya Tabora ni ya kusoma tu, uwezo uliopo tangu Windows Server 2008 R2. Mhasibu wa Tabora akifungua 30-mapokezi\urambo anapewa nakala ya jirani, inafunguka haraka, na hata akitaka kuandika hawezi. Fomu ni kinyume chake: zinaandikwa Tabora, Urambo wanasoma. Hesabu haiendi Urambo kabisa. Ina pacha kwenye tbr-srv2, na elekezo la pacha huyo, yaani kiungo cha kuwapeleka watu kwake, limezimwa mpaka tbr-srv1 ife na mimi niliwashe kwa mkono. Sikonge hawarudufishiwi chochote. Wana majina yaleyale kama wengine, na mafaili yao yako Tabora kupitia VPN, njia ya siri ndani ya intaneti.

Wiki iliyofuata. Kupeleka mbegu

Baada ya kusafisha, zinazotakiwa kuwa pande zote ni GB 90. Laini yetu ni Mbps 4. Piga hesabu: GB 90 ni megabiti 720,000, gawanya kwa 4 unapata sekunde 180,000, yaani saa 50 laini ikifanya kazi hiyo peke yake na bila kukohoa. Haijawahi kutokea. Nimenakili kwenye diski ya nje, nikapanda basi la asubuhi.

Kunakili kwenyewe kuna masharti. DFSR inapolinganisha pande mbili haitazami maudhui tu, inatazama na ruhusa. Faili lenye maneno yaleyale lakini ruhusa tofauti linahesabiwa ni jingine. Kwa hiyo usiburute kwa kipanya. Nimetumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili, na /e /b /copyall, na /xd DfsrPrivate ili folda ya siri isibebwe. Kufika Urambo nikachukua mafaili machache kila folda, nikayapima pande zote kwa Get-DfsrFileHash, amri inayolipa kila faili alama kulingana na maudhui na ruhusa zake. Alama zikalingana, isipokuwa folda moja ya miongozo: maudhui sawa, ukubwa sawa, alama tofauti. Ilikuwa imenakiliwa na mtu kwa kipanya zamani kabla ya mradi, ikarithi ruhusa za diski ya Urambo. Nimeifuta, nimeinakili upya, zikalingana.

Pili, ni lazima uchague seva ya msingi kwa kila folda. Katika ulinganisho wa mwanzo, yake ndiyo inayoshinda, na faili lililoko kwa mwenzake lisilokuwepo kwake huondolewa na kuwekwa kando kwenye folda ya PreExisting. Kwa mapokezi ya Urambo seva ya msingi ni ya Urambo. Nimelirudia hili mara mbili kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani pale.

Tatu, folda ya maandalizi, ambako faili hukaa kabla ya kutumwa. Ukubwa wake wa kawaida ni GB 4. Kanuni inayotumika ni kujumlisha mafaili makubwa 32 ya folda husika na kuipa angalau ukubwa huo. Kwetu makubwa ni skani za mikataba na video za mafunzo, jumla GB 7 na kidogo, nikaweka 10. Ikiwa ndogo mno, kumbukumbu zinajaa tukio 4202 na kazi inajikongoja.

Ratiba: mchana Mbps 1, kuanzia saa mbili usiku laini yote. Tukio 4104, la kusema ulinganisho wa mwanzo umekamilika, limeonekana kwa folda zote kabla ya wiki kuisha.

Alhamisi. Umeme

Radi jana jioni, Urambo umeme umekatika na betri ya UPS ikashindwa kuibeba seva. Leo asubuhi kila kitu kinafunguka kule, hakuna aliyelalamika. Mimi nimekwenda kuangalia foleni kwa mazoea:

dfsrdiag backlog /rgname:mapokezi /rfname:urambo /smem:urb-srv1 /rmem:tbr-srv1

Mafaili kumi na tisa yanasubiri na idadi inapanda. Kwenye kumbukumbu kuna tukio 2213: DFSR imekuta hifadhidata yake ilifungwa ghafla, imesimama, inamsubiri msimamizi. Ujumbe wenyewe una maelekezo. Unasema kwanza chukua nakala ya folda, kisha unatoa amri ya wmic yenye namba ya diski, ukiinakili na kuiendesha inaendelea. Nimefanya hivyo kwa mpangilio huohuo, na baada ya muda foleni ikawa sifuri.

Kimya ndicho hatari. Seva ikisimama kurudufisha, mtumiaji wa Urambo haoni tofauti yoyote, ni nakala ya Tabora tu inayozidi kuzeeka. Ikikaa zaidi ya siku 60 bila kuwasiliana, DFSR inakataa kabisa kuendelea, tukio 4012, ikihofia kurudisha mambo ya kale. Kwa hiyo nimeandika skripti inayopima foleni kila asubuhi na kunitumia barua pepe, iwe sifuri au isiwe. Barua isipokuja, hiyo nayo ni habari. UPS imepata betri mpya na waya wa USB wa kuizima seva kwa utaratibu chaji ikishuka.

Jumatatu. Kufuta ni kwa wote

Fupi. Meneja ameuliza kama sasa tuache kununua diski za bekapu, maana mafaili yako mahali pawili. Nimefuta faili la majaribio mbele yake Tabora, tukaangalia Urambo likitoweka. Tunaendelea kununua diski. Nimewasha pia matoleo ya awali kwenye seva zote, kwa ratiba yake ya kawaida ya saa moja asubuhi na saa sita mchana siku za kazi. Anayeharibu faili lake analirudisha mwenyewe bila kunitafuta.

Jumatano hadi Ijumaa. Fomula

Kazi ya kuchosha kuliko zote na hakuna atakayeiona. Kila kitabu cha Excel chenye kiungo cha \\tbr-srv1 kimefunguliwa, kikaingizwa kwenye orodha ya viungo, chanzo kikabadilishwa kuwa \\nyuki.lan\kazi. Mhasibu ameketi nami muda wote, kwa sababu yeye ndiye ajuaye namba ipi ni sahihi baada ya kusasisha. Vitabu viwili vilikuwa vinavuta data kutoka diski C ya kompyuta ambayo ilishauzwa. Namba zake zilikuwa zimeganda humo miaka, na moja ilikuwa inaingia kwenye ripoti ya nta. Mhasibu ameichukua hiyo, hataki niiguse.

Draivu Z tumeibakiza, kwa sababu watu wameizoea. Sera ya domeni sasa inampa kila mtu Z ileile: \\nyuki.lan\kazi.

Robo mpya. Seva ya Urambo

Imefika. Nimeipa jina urb-srv2, nikaijaza kwa robocopy kutoka ile ya zamani ndani ya chumba kilekile, nikaiingiza kwenye makundi ya urudufishaji, nikasubiri 4104.

Zile sekunde 1800 sasa. Ukizima elekezo la urb-srv1 saa nne asubuhi, kompyuta zenye jibu la zamani zitaendelea kuandika kwenye seva ya zamani hadi nusu saa, huku nyingine zimekwisha hamia mpya. Kwa nusu hiyo ya saa umewarudishia jaribio la kilo, kwa data ya kweli. Nimesubiri wafunge ofisi. Nikaondoa kwanza ruhusa ya kuandika kwenye shea ya zamani, nikahakikisha foleni ni sifuri, nikawasha elekezo la urb-srv2, nikazima la urb-srv1. Udhibiti wa domeni, DNS na nafasi ya majina vilishahamia mchana. Asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya karani, nikaangalia kichupo cha DFS kwenye kompyuta zote: urb-srv2. Fomula za Mhasibu Tabora hazikuguswa.

Seva ya zamani itakaa imewaka mwezi mmoja bila kazi, kisha itaondolewa kwenye domeni kwa utaratibu.

Yaliyobaki

Meneja anataka picha za ugani zifike Urambo. Ni GB 140 na zinaongezeka kila maafisa wakitoka porini. Nimemwambia tuzipunguze ukubwa kwanza, kisha tuone ni nani hasa Urambo anayezifungua. Afisa ugani anaandaa orodha.

Sikonge laini yao inatosha kwa Excel, haitoshi kwa skani. Wataendelea kuleta karatasi Tabora mpaka VPN ihamie kwenye laini nyingine.

Barua pepe za Outlook za aina ya PST zimeondolewa kwenye urudufishaji kwa kichujio. Zinakaa wazi siku nzima, na DFSR hairudufishi faili lililoshikwa. Zinahitaji mpango wake wa bekapu, naanza na ya Mhasibu: ina GB 11, na amekubali kuifunga saa ya chakula cha mchana tu.